Anayecheza na Anayechezeshwa

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kuuliza swali ambalo hunukuliwa mpaka leo kila panapozungumzwa utamaduni. Wengi wetu tumejifunza rumba, chachacha na twisti, alisema. Ni wangapi wanaoweza kucheza, au wamewahi hata kusikia, Gombe Sugu, Mangala, Kiduo au Lelemama? Katika hotuba hiyohiyo akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana.

Kwa wasomi waliotoka shule za misheni na za serikali, swali lilichoma mahali pake. Ila lelemama haikuwa imepotelea popote. Ilikuwa ikichezwa Kariakoo, mwendo wa miguu tu kutoka ukumbi wa Karimjee lilimokutana Bunge, na wanawake wa vikundi vya ngoma kama hiyo ndio walioijaza TANU wanachama miaka saba nyuma. Hawakuhitaji wizara iwafufulie ngoma yao. Walihitaji kuachwa nayo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na namna tulivyozoea kuisifu ngoma. Tunasema ngoma ni urithi, ngoma ni furaha, ngoma ni umoja. Mimi nauliza: nani ameamua ichezwe? Mbele ya nani? Na mchezaji akisema leo sichezi, atafanywa nini? Ngoma ileile, kwa mdundo uleule na kiuno kilekile, inaweza kuwa tendo la mtu huru au kazi ya shokoa, na huwezi kuzitofautisha kwa kutazama miguu peke yake.

Mwambao wetu unalijua jambo hili vizuri mno, kwa sababu hapa waliishi watu ambao miili yao kisheria haikuwa yao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ukaendelea mpaka amri ya sultani ya Aprili 1897, na hata amri hiyo haikumwachia mtu huru papo hapo: mtumwa alipaswa kwenda mahakamani kuomba, na aonyeshe atakaa wapi na atakula nini. Masuria wakawekwa kando kabisa. Mwanamke aliyelala na bwana kwa sababu alikuwa mali ya bwana, serikali ilimhesabu kama mke, hivyo ikaona hana haja ya kukombolewa. Akasubiri mpaka 1909. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907, Tanganyika 1922. Si zamani sana. Wazee wetu wenye miaka themanini leo, baadhi yao walilelewa na mabibi waliozaliwa utumwani.

Mtumwa alitambulika kwa mbali. Mwanamume hakuvaa kofia wala viatu. Mwanamke alijifunga kaniki au merikani chini ya kwapa, kichwa wazi. Walipopata uhuru, wanawake wa Ng'ambo ya mji wa Unguja walifanya mambo mawili ambayo watawala wa Kiingereza waliyaona ni upuuzi wa watu wasiojua kuweka akiba. Walinunua kanga, tena mpya kila yalipotoka maua mapya. Na walicheza ngoma.

Anayehesabu mishahara na kodi peke yake atasema walikuwa wakipoteza fedha. Mimi naona walikuwa wakilipia kitu walichonyimwa tangu kuzaliwa, yaani uamuzi juu ya kitambaa kinachogusa ngozi yao na juu ya namna viungo vyao vitakavyokwenda.

Itazame lelemama kwa karibu. Wanawake wanasimama safu, wamevaa sare, bega kwa bega. Miguu haiendi mbali. Kinachocheza ni mikono: viganja vinageuka, vifundo vinalegea, kichwa kinainama kidogo upande mmoja, kwa pamoja, polepole. Mgeni aliyezoea ngoma za vumbi na miruko angedhani bado hawajaanza. Mwendo huo wa pole ndio unaonigusa. Mtu aliyepelekwa shambani na nyapara, akachuma karafuu kwa kasi ya mwingine, akatembea kwa kasi ya mwingine, akaamshwa na kulazwa kwa sauti ya mwingine, leo anasimama mbele ya mtaa mzima na hakuna wa kumwambia aharakishe. Ana mwili wake, na ana muda wake.

Tena hakusimama peke yake. Lelemama ilikuwa chama, na chama kilikuwa na viongozi, vyeo, michango, na mahasimu. Mombasa walijulikana Ibinaal Watan na Banu Saada, waliokuwa wakishindana kwa sare, kwa karamu na kwa nyimbo. Ndani ya chama alikuwamo mwenye asili ya utumwa na alikuwamo muungwana, na mashindano yaliwapa sababu ya kukaa benchi moja katika mji ambao vinginevyo ulikuwa ukiuliza kila siku baba yako ni nani. Na nyimbo zao hazikuwa za kubembeleza. Aliyefanya la aibu mtaani aliweza kulisikia likiimbwa na safu nzima, na hakuna mahali pa kukata rufaa. Wapo walioumizwa kwa dhuluma, sina shaka. Lakini mahali ambapo kadhi, mudiri na bwana shauri wote walikuwa wanaume, wanawake walikuwa wamejitengenezea baraza lao.

Kulikuwa na chumba kingine ambako ngazi ya mji iligeuka juu chini. Binti wa kiungwana alipovunja ungo alikabidhiwa somo au kungwi, na makungwi wengi wa Mombasa na Unguja walikuwa wenye asili ya utumwa. Unyago wenyewe ulikuja na watu walioletwa kutoka bara. Mwanamke aliyetumwa maji mchana akawa ndiye mwalimu, na mtoto wa bwana akawa mwanafunzi anayeelekezwa namna ya kukizungusha kiuno chake, namna ya kujijua, namna ya kuyasema yasiyosemwa. Humo ndimo ulimopigwa msondo, ile ngoma ndefu ambayo Bi Kidude, aliyefariki 17 Aprili 2013, aliifunga kiunoni na kuibana mapajani hata alipokuwa bibi kizee. Kwa simulizi zake mwenyewe, aliikimbia ndoa ya kulazimishwa akiwa bado msichana mdogo. Sioni ajabu kwamba mtu wa namna ile ndiye aliyekuwa mwalimu wa wasichana.

Sitaki kuupamba unyago, hata hivyo. Mwali hufundwa kuujua mwili wake, na kwa pumzi hiyohiyo hufundwa kumridhisha mume na kumvumilia. Hakuulizwa kama anataka kuingia. Sehemu za kusini mwa Tanzania watoto wa shule za msingi huchezwa unyago kabla hawajajua hata wanachofundishwa, na wengine wakitoka huko huonekana wameshakuwa wanawake wa kuoa. Kipimo nilichokiweka hapo juu nitakitumia na kwa ngoma ninazozipenda: mtoto asiyeweza kukataa anachezeshwa, hata kama wanaomchezesha ni mama na shangazi zake.

Watawala wa kikoloni waliona hatari upande mwingine kabisa. Beni, ngoma ya tarumbeta na vyeo vya kijeshi iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ilisambaa na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Arinoti na Marini, vyama vyake viwili mahasimu, vikawa na matawi mpaka mbali bara. Serikali ilishindwa kuamua kama ni mchezo au ni jeshi. Mijini ikataka kibali kwa kila ngoma. Wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walipogoma mwaka 1935, wachunguzi waliwauliza mashahidi habari za Mbeni, dada yake beni, wakishuku ndiyo iliyowapanga watu. Anayeweza kuwapanga watu mia kwa filimbi moja bila kumwomba mzungu ruhusa alitisha kuliko aliyebeba bango.

Kisha kuna Muthirigu, na huu ni mfano unaonikosesha raha. Mwaka 1929 wamisheni katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini waape kuacha tohara ya wanawake. Jibu lilikuja kwa wimbo na ngoma. Muthirigu ulienea vijijini kwa kasi, ukiwatukana wamisheni, machifu na maofisa kwa majina, na Januari 1930 serikali ikaupiga marufuku. Ni upinzani wa kweli, na waliouimba walijua jela iko wapi. Lakini uliimbwa juu ya miili ya nani? Pande zote mbili, mmisheni na mzalendo, waligombania mwili wa msichana kama watu wanavyogombania mpaka wa shamba. Sauti yake mwenyewe huisikii. Na mambo hayakuishia hapo: Meru mwaka 1956, baraza la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku tohara hiyo, wasichana walikatana wenyewe kwa wenyewe kwa nyembe. Wengine watauita huo uhuru wa mwili. Mimi siuiti hivyo, kwa kuwa msichana aliyejua kwamba asipokatwa hataolewa wala kuhesabiwa mtu mzima hakuwa na njia mbili mbele yake. Nataja haya ili tusidhani kila ngoma iliyomuudhi mkoloni ilimkomboa aliyeicheza.

Linganisha na Dar es Salaam ya mwaka 1955. TANU ilikuwa na mwaka mmoja. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga, na wake wa wasomi hawakuwa tayari kuhatarisha mishahara ya waume zao. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipokuja na kuuliza wanawake wa chama wako wapi, aliyepatikana ni Bibi Titi Mohamed, kadi namba 16, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Hakuanza kwa kugonga mlango kwa mlango. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita watu wao. Kufikia Oktoba mwaka huo wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga.

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia kwenye hesabu, kana kwamba vikundi vile vilikuwa daftari la majina tu. Vilikuwa zaidi. Mwanamke wa Bomba alikuwa tayari amezoea kutoka nyumbani usiku kwa shughuli isiyo ya mume, kuchanga fedha kwa siri au kwa uwazi, kusimama mbele ya umati bila kutetemeka, na kumtii kiongozi mwanamke. Mambo yote anayoyahitaji mwanachama wa harakati alikuwa ameshajifunza uwanjani, akiwa na sare mwilini. Na kikubwa kuliko vyote: alikuwa anaweza kukihama kikundi. Akiudhika Bomba alikwenda kwa mahasimu, na ushindani wa vikundi ulikuwa unamsubiri kwa mikono miwili. Bibi Titi hakuweza kuamuru. Ilimbidi ashawishi.

Uhuru ulipokuja, kuamuru kukarudi.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari Mosi 1969: marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe hiyo vijana wa kiume walikuwa wakiwavizia wanawake vituo vya basi Kariakoo na kuwachania nguo. Novemba 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku jijini, na dansi yake. Kwa hiyo serikali iliyouliza mwaka 1962 nani anajua kucheza lelemama, ndani ya miaka saba ilikuwa imeshaanza kuamua nani asicheze nini na akiwa amevaa nini. Ngoma za asili zilibaki, ila zikapewa kazi: uwanja wa ndege, mapokezi, sherehe za kitaifa. Beti zikabadilishwa. Mtu aliyekuwa akiimbwa kwa uonevu wake mtaani sasa akawa ndiye anayepokewa kwa wimbo.

Tanzania haikuwa mbaya kuliko wengine. Zaire ya Mobutu, baada ya ziara zake China na Korea Kaskazini, ililifanya jambo hili kuwa mfumo. Kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi na Bukavu, mashule, mashirika na ofisi zilikuwa na vikundi vya kumchezea Kiongozi, na saa za kazi na za masomo ziliishia kwenye mazoezi. Malawi ya Kamuzu Banda iliwavisha wanawake vitambaa vyenye sura yake na kuwatoa majumbani waende wakamchezee, yeye akijiita mlezi wao. Ukitazama picha za zamani unaona meno, unaona rangi, unaona maelfu wakiyumba pamoja. Huoni aliyeacha mtoto mgonjwa nyumbani kwa hofu ya kadi ya chama.

Na tusijidanganye kwamba hayo yalikwisha na wazee hao. Ziara ya kiongozi inatangazwa kuwa saa tatu asubuhi. Kikundi cha akina mama kinafika saa moja, kwa kuwa mtendaji wa kata amesema asiyekuwepo atajulikana. Saa tano jua liko utosini. Saa saba maji yameisha na aliye na mtoto mgongoni anamhamishia kivulini kwa zamu. Saa tisa ving'ora vinasikika, ngoma inapigwa kwa nguvu zilizobaki, msafara unapita, mkono unapungwa nyuma ya kioo. Baada ya hapo ni soda na ahadi ya posho. Jioni kwenye taarifa ya habari tunaambiwa wananchi walimpokea kwa shangwe.

Sisemi hakuna anayekwenda kwa hiari. Wapo, na baadhi ya vikundi hivyo vimesomesha watoto kwa malipo ya ngoma. Ninachodai ni kidogo sana: waulizwe, walipwe bei waliyoitaja wao, na asiyetaka abaki nyumbani bila jina lake kuandikwa.

Wakati huohuo, mamlaka zinazowaita wanawake hao wacheze mchana zinawafukuza wanaocheza usiku. Vigodoro, ngoma za mitaani za usiku kucha, vimepigwa marufuku mara nyingi Dar es Salaam na kwingineko. Baikoko, ngoma ya kukata kiuno ya Tanga, imelaaniwa kila mara inapopanda jukwaani. Malalamiko mengine ni ya haki kabisa. Mgonjwa anataka usingizi, mwanafunzi ana mtihani, na spika iliyoelekezwa dirishani saa tisa usiku ni uonevu. Lakini sikiliza matamko yenyewe: yanaanza na kelele, halafu kabla ya sentensi ya tatu yameshafika kwenye kiuno cha mwanamke. Spika haina haya wala maadili, basi hukumu inamwangukia binti.

Kuhusu baikoko, mimi simo upande wa wanaolaani wala wa wanaoshangilia tu. Ningependa kumsikia mchezaji. Je, anakuta mkataba au anakuta bahasha? Anaweza kushuka jukwaani mlevi akimshika? Mcheza kwao hutunzwa, na kutunza ni sanaa nzuri sana ikifanywa na wenyewe. Nenda kwenye taarab uone. Mama anainuka kitini wimbo ulipofika kwenye ubeti wake. Anaurekebisha mtandio. Noti ameishika juu kwa vidole viwili, na haendi moja kwa moja kwa mwimbaji. Anazunguka kwa mwendo wa wimbo, anapunguza kasi mbele ya meza ya yule anayemlenga, anageuza bega, kisha ndipo anakwenda kuiweka noti mkononi mwa mwimbaji. Hajatamka neno. Ukumbi mzima umesikia, na aliyelengwa naye ameshaanza kutafuta ubeti wa kujibu. Hakuna aliyemgusa na hakumgusa mtu. Halafu tazama mwanamume anayepanda jukwaa la baikoko kuchomeka noti kwenye kanga ya mchezaji, kifuani, huku wenzake wakirekodi. Fedha ni ileile. Mmoja ametunza, mwingine amenunua ruhusa ambayo hakuna aliyemuuzia.

Kurekodi ndiko kunakonitia hofu kuliko marufuku zote. Katika harusi za wanawake Mombasa, Lamu na Unguja, mlangoni husimama mtu wa kukusanya simu. Ndani, mabuibui yanatundikwa, nywele zinaachiwa, na mwanamke ambaye hujawahi kuona hata kifundo chake cha mkono anakatika mpaka chini akishangiliwa na mashoga, wifi na mama mkwe. Hajavunja heshima yake. Hapo ndipo mahali pake, na watazamaji ni wale aliowakubali. Kisha simu moja inapenya ndani ya mkoba, na kesho asubuhi dakika mbili za furaha yake ziko kwenye makundi ya WhatsApp ya wanaume asiowajua, na jioni mume anaulizwa kazini kama yule si mkewe.

Watu huuliza mbona alicheza kama hakutaka kuonekana. Alitaka kuonekana, na aliowataka wamwone walikuwa mle ndani. Aliyeipeleka picha nje ndiye aliyemchezesha mbele ya watu asiowataka, bila yeye kujua, na anaendelea kumchezesha kila video inapofunguliwa upya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinaitambua ridhaa ya mwenye taarifa. Sura ya mtu na mwili wake ni taarifa zake kuliko namba ya simu. Lakini video ya namna hiyo ikisambaa, anayesakwa kwanza ni aliyecheza: ukoo unataka maelezo, shehe anaombwa atoe kauli, mwajiri anakunja uso. Anayepaswa kuitwa kituoni ni aliyerekodi, na baada yake kila aliyeisambaza.